Niliweka masahani baharini, jina langu halimo

Shikamoo mama,

Mimi ni msichana wa miaka 29, kwetu Pemba. Nina shahada ya uzamili ya sayansi ya bahari, na kwa miaka minne nimekuwa msaidizi wa utafiti katika mradi wa watu wa nje wanaochunguza viumbe wa miamba ya matumbawe. Mradi wenyewe siutaji, maana bado nakula kwao.

Kazi yetu ni hii. Unachukua vipande tisa vya plastiki ngumu, kila kimoja mraba wa kama sentimita 23, unavipanga kimoja juu ya kingine na kuacha upenyo katikati, unavikaza kwa bolti, unazamia navyo na kuvifunga kwenye mwamba. Ukiviacha mwaka mmoja au miwili, viumbe wadogo wanahamia humo wakidhani wamepata pango: kaa wasiozidi ukucha, kamba, minyoo, konokono, sifongo. Hao ndio wanaoishi ndani kabisa ya mwamba, na mzamiaji anayehesabu samaki hupita juu yao asiwaone. Chombo hicho kina jina refu la Kizungu, lakini nahodha wetu alikiita masahani siku ya kwanza na sote tukafuata.

Tuliweka sehemu sita mwaka 2021. Mbili kati ya hizo hazikuwamo kwenye ramani waliyokuja nayo wageni. Nahodha aliitazama ile ramani akasema, "Hapa kusi likivuma maji yanachapa, mkirudi mtakuta jiwe tupu." Mimi nikaandika barua pepe kueleza kwa nini tuhame, wakakubali. Mwaka 2023 tukayatoa yote. Siku tano tulikuwa uani kwenye nyumba ya kupanga, tumezungukwa na ndoo. Kila sahani inapigwa picha juu na chini. Viumbe wanaotembea wanachujwa kwenye chujio. Vilivyoganda kwenye sahani vinakwanguliwa na kusagwa kwenye blenda, blenda hii hii ya juisi ya embe, halafu ule uji unatiwa dawa na kupelekwa kusomwa vinasaba. Kaa na kamba nilitenga mimi. Niliwapiga picha mmoja mmoja juu ya kitambaa cheusi na kuwapa majina kwa kadiri nilivyojua. Mmoja alikuwa kaa mdogo sana, miguu ina mistari, ameshika kwenye kila gando kijidudu laini chenye minyiri, kama mtoto aliyeshika maua mawili. Nilipiga kelele mpaka wenzangu wakaja kutazama.

Mwezi uliopita rafiki yangu alinitumia makala ya mradi iliyotoka kwenye jarida. Waandishi tisa, na hakuna hata mmoja wa kutoka Tanzania. Sehemu ya mbinu ni ile ripoti yangu, mahali pengine neno kwa neno. Mwisho kabisa, kwenye shukrani, wameandika "wasaidizi wa uwandani wa eneo husika". Nilisoma nikiwa kwenye daladala, nikashuka kituo kisicho changu.

Sasa wamenitumia mkataba wa awamu ya pili, miezi 18. Wanataka kurudisha masahani palepale waone joto la 2024 limefanya nini. Fedha yake ndiyo ada ya mdogo wangu. Rafiki yangu anasema niwatupie mkataba wao. Mwalimu wangu wa chuo anasema nivumilie, wote walipita hapo. Mama yangu ananiuliza miaka yote hii ninarudi na chumvi kichwani, nitaitwa daktari lini?

Lakini kilichonichoma zaidi ni nahodha. Wiki iliyopita tulikutana dikoni, akaniuliza: "Mwanangu, yale masahani, mlikuta nini?" Sikuwa na la kumjibu. Orodha sina, sampuli ziliondoka, na hata hiyo makala kuisoma lazima ulipe.

Mama, nisaini? Nikatae? Nikilalamika, si ndiyo nitakuwa nimejifungia milango yote?

Wako, Mtu wa Masahani, Pemba

*

Marahaba mwanangu.

Mkataba usiusaini wiki hii, wala usiukatae. Uweke mezani kwanza, tuzungumze.

Nianze na jambo ambalo huenda usilipende. Kuzamia, kufunga bolti na kukwangua sahani, hata ukifanya kwa miaka minne, majarida mengi hayahesabu kuwa uandishi wa makala. Ni kazi, inalipwa, inashukuriwa. Kwa hiyo ukienda kwao na hoja ya "niliteseka majini", watakujibu kwa upole na mazungumzo yataishia hapo. Ila wewe barua yako imebeba mengine matatu, na umeyapitia harakaharaka kana kwamba ni madogo. Ulibadilisha maeneo mawili kati ya sita kwa sababu za kisayansi, na ushahidi uko kwenye barua pepe. Uliandika mbinu. Ulitenga na kutambua kaa na kamba. Siku hizi majarida mengi yanatumia orodha ya aina 14 za mchango, iitwayo CRediT, kueleza nani alifanya nini: kubuni mbinu, kuchunguza, kutunza data, kuandika rasimu na kadhalika. Isome hiyo orodha, kisha jiandike. Jina lako linakaa mahali zaidi ya pamoja bila kulazimisha.

Na si wewe peke yako. Mwaka 2021 watafiti walipitia machapisho ya miaka 50 kuhusu bioanuwai ya miamba ya matumbawe, matokeo yakatoka kwenye jarida la Current Biology. Walikuta kwamba katika tafiti zilizofanyika uwandani Indonesia na Ufilipino, asilimia 40 hazikuwa na mwandishi hata mmoja wa nchi yenye mwamba. Kwa Australia hali hiyo ilikuwa karibu nusu yake. Indonesia na Ufilipino ni nchi zenye vyuo, wazamiaji na wataalamu wa bahari wasiohesabika. Kwa hiyo mtu asikwambie jina lako liliachwa kwa kuwa hukusoma vya kutosha.

Mwalimu wako anasema wote walipita hapo. Ni kweli, na mimi nilipita. Acha nikusimulie tulichopoteza.

Mwaka 1996 nilikuwa na umri wa karibu na wako. Nilikuwa nahesabu matumbawe na samaki kwenye tepu ya mita 50, kwa ajili ya mtaalamu mmoja mgeni. Tuliandika kwa penseli kwenye karatasi ya plastiki, jioni nanakili kwenye daftari kwa taa ya chemli. Daftari nne. Siku ya kuondoka aliniomba azichukue akanakili, atanirudishia kwa posta. Nikampa. Nakala sikubaki nayo, na kumdai baadaye niliona aibu. Yeye ni mkubwa, mimi nani?

Machi 1998 maji yakachemka. Ulikuwa mwaka wa El Niño, nawe umesoma vitabuni: bahari ikizidi kwa nyuzi moja tu joto la mwezi wake wa joto zaidi, na hali hiyo ikadumu wiki kadhaa, tumbawe linatema wale mwani wadogo wanaolilisha na kulipa rangi. Kitabuni ni sentensi moja. Mimi niliruka kutoka kwenye boti nikadhani macho yangu yana kasoro. Matumbawe ya matawi yalikuwa meupe, meupe ya chokaa iliyopakwa jana, mpaka mwisho wa kuona. Samaki bado walikuwa wakizunguka kama watu waliorudi wakakuta nyumba imehamwa. Nilipokwenda tena baada ya wiki kadhaa, weupe ulikuwa umevaa utelezi wa rangi ya udongo, na nilipogusa tawi moja likavunjika kama biskuti.

Ofisini nikaulizwa swali moja: kabla ya hapo mwamba ulikuwaje? Asilimia ngapi hai, aina gani, samaki wangapi? Jibu nilikuwa nalijua liliko. Lilikuwa ndani ya sanduku la mtu, bara jingine. Niliandika barua tatu, sikujibiwa. Mpaka leo grafu ya mwamba ule inaanzia kifo chake, na kila kijana anayekuja kuupima anapima mabaki akidhani ndio mwanzo.

Ndiyo maana barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa natazama tarehe. Masahani yako yalikaa majini kuanzia 2021 hadi 2023. Aprili 2024 NOAA, shirika la Marekani la bahari na anga, na ICRI, umoja wa kimataifa wa miamba ya matumbawe, walitangaza kupauka kwa dunia nzima kwa mara ya nne, na pwani yetu ilikuwamo. Unaona ulichoshika? Picha zako, maelezo yako, ile orodha ambayo hujapewa, ni hali ya mwamba kabla ya joto. Haitapatikana tena hata kwa mabilioni. Mtaalamu wa matumbawe David Obura na wenzake walishatathmini kwamba miamba ya Magharibi mwa Bahari ya Hindi yote iko katika hatari ya kuporomoka ndani ya miaka 50. Katika hali hiyo, mwamba usio na kumbukumbu zake karibu ni mgonjwa asiye na faili.

Basi jina lako lipiganie, ni haki yako. Lakini data ipiganie zaidi, na uanze nayo.

Kaa chini jioni moja uandike barua ya ukurasa mmoja kwa kiongozi wa mradi peke yake. Usiwawekee nakala watu wengine. Mtu akiona anaaibishwa mbele ya wenzake anajitetea, hasikilizi. Usitumie neno wizi. Mweleze ulichofanya, taja tarehe za barua pepe, taja kurasa za ripoti yako na mahali zilipotokea kwenye makala, kisha umuulize uamuzi wa orodha ya waandishi ulifikiwaje na kama yuko tayari kuomba marekebisho. Marekebisho yanawezekana. Majarida mengi yanafuata mwongozo wa COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji: mwandishi anaweza kuongezwa hata makala ikishatoka, mradi waandishi wote wakubali, na jarida hutoa tangazo la masahihisho. Mpe wiki tatu. Wapo viongozi ambao hawakukusudia, walikuwa na haraka na mazoea mabaya, na barua ya adabu yenye ushahidi huwaamsha. Wapo wengine pia. Akikaa kimya, kabla ya kumwendea mhariri wa jarida, nenda kwa mshirika wa hapa nchini.

Maana mshirika lazima yupo. Mgeni hapewi kibali cha utafiti huku bila mwenyeji anayetambulika, na kibali chenyewe kina masharti ya kuwasilisha ripoti. Omba kukiona hicho kibali, usome kila mstari. Tena matumbawe magumu yote yako kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo hata kipande cha sampuli kikivuka mpaka kinahitaji hati. Na kwa vinasaba kuna Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, ambayo msingi wake ni kwamba nchi yenye kiumbe ishirikishwe katika faida, na maarifa ni faida. Sikwambii haya ili uwatishe watu. Nataka uingie kwenye mazungumzo ukijua kwamba unachodai kina mahali kiliposimama, hujaja kuomba hisani.

Sasa mkataba. Mimi ningekuwa wewe, ningeurudisha nikiwa nimeongeza aya chache. Ya kwanza na kubwa: sampuli haziondoki kisiwani mpaka nakala ya picha zote, vipimo vyote na daftari zote iwe imebaki kwenye taasisi ya hapa, na matokeo ya vinasaba yarudi humo humo yakitoka maabara. Hili usilegeze hata wakikuongezea posho. Halafu iandikwe wazi mchango gani utakuweka kwenye orodha ya waandishi, na kwamba makala moja, ya kaa na kamba, utaiongoza wewe. Omba pia wiki chache kwenye maabara yao ujifunze kuchambua yale mafaili ya vinasaba kwa kompyuta, kwa sababu hapo ndipo mlango hufungwa: sampuli zinaondoka na mtu aliyezikusanya anabaki ufukweni.

Wakikubali, saini, ada ya mdogo wako ilipwe, na kazi uifanye kwa moyo wote. Wakikataa hilo la kwanza, mwanangu, usiingie majini. Najua ninachokwambia. Najua ada haisubiri.

Unaniuliza kama utajifungia milango. Inawezekana mmoja ukafungwa. Nikikuahidi kinyume nitakuwa nakudanganya. Lakini tazama ulicho nacho mkononi. Wasoma vinasaba siku hizi ni wengi kuliko wataja majina. Uji wa blenda ukisomwa, mistari mingi inarudi bila jina, kwa kuwa viumbe wa upande wetu wa bahari bado ni wachache kwenye hifadhi za vinasaba. Anahitajika mtu wa kumshika kaa mzima, kumtambua, kumpiga picha, kumhifadhi kwenye chupa yenye lebo, kisha kuunganisha jina na kinasaba. Wewe umekwisha kuanza kazi hiyo bila kutumwa. Wazo la uzamivu liko hapo, na ni lako. WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa ukanda wetu, makao yake yako Unguja, kuvuka tu. Ina ruzuku ndogo za utafiti, na kila baada ya miaka miwili huandaa kongamano ambako kijana husimama na bango lake akajulikana. Peleka kaa wako huko. Huyo mwenye maua mawili ni wa jenasi Lybia, na anachoshika ni kiumbe wa bahari mwenye minyiri inayowasha; anakitumia kama silaha. Nimezamia miaka mingi na hai nimemwona mara moja tu.

Tumalizie kwa nahodha, ambaye huenda ndiye aliyeuliza swali bora kuliko sote.

Ifungue ile makala ukurasa wa mwisho, tafuta sehemu inayoeleza data inapatikana wapi. Mara nyingi mafaili ya vinasaba huwekwa kwenye hifadhi ya wazi kama GenBank, na kunakuwa na namba. Kwa namba hiyo yeyote anaweza kuyapakua bila kulipa, pamoja na wewe. Ukikwama kuyasoma, mtafute mtu wa biolojia ya vinasaba kwenye chuo chochote nchini, umpelekee. Orodha utakayopata haitakuwa kamili, na mwambie hivyo nahodha: wengi wao bado hawana jina duniani. Atakuelewa. Nyinyi Wapemba mna Misali, kisiwa ambacho wazee wanasimulia kwamba Nabii Khidhri aliomba msala wa kuswalia, ukakosekana, akasema kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake. Mwishoni mwa miaka ya 1990, walipotaka kulinda mwamba wa pale, wavuvi walizungumziwa kwa Kurani, kwa habari ya amana aliyopewa binadamu, na maneno hayo yalifika mahali ambapo vibao vya serikali havikufika. Watu hawa wakiambiwa mwamba una wakazi wasioonekana, hawashangai sana.

Kwa hiyo usingoje makala nyingine. Chapisha picha kumi kwa karatasi nzuri, uziweke kwenye plastiki zisilowe. Nenda dikoni Ijumaa baada ya sala watu wakiwa wamekaa, umwamkie nahodha, umwambie umekuja na jibu la lile swali, na kwamba maeneo mawili aliyochagua yeye ndiyo haya hapa. Muulize kama anapenda jina lake litajwe kwenye kitakachoandikwa. Kisha mpe picha ya yule kaa aishike mwenyewe. Kama hawana jina lake kwa Kipemba, waulize wamwiteje, na uliandike kwenye daftari lako hapohapo, na tarehe.